Mali bila daftari: muhuri wa posta na kumbukumbu za washairi wetu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaizoea kuisikia madukani, mwenye duka anapomkumbusha kijana wake aandike kila kilo ya sukari iliyotoka kwa mkopo. Mimi leo nataka kuitoa dukani niipeleke posta, kisha kutoka posta niifikishe kwa washairi wetu. Msomaji asidhani kwamba nimepotea njia. Safari yenyewe ni fupi kuliko inavyoonekana.

Kabatini mwangu mna albamu tatu. Watu wa nyumbani wameziita "makaburi ya karatasi", kwa sababu karibu kila uso uliomo ndani ni wa mtu aliyekwisha kufariki. Siwalaumu. Mgeni akizifungua huona postikadi tu. Kila moja ina picha ya mtu, juu ya picha hiyo hiyo pamebandikwa stempu ya mtu yule yule, na juu ya stempu pamepigwa muhuri wa posta. Hapo ndipo ninapoulizwa swali ambalo nimelizoea: "Sasa bwana, mtu mmoja mara mbili katika karatasi moja ni ya nini?"

Jibu la swali hilo ndilo makala haya.

ADABU TATU

Kadi hizi huitwa kadi za maksimamu. Jina lenyewe latokana na Kilatini, na maana yake ni kile kilichofika upeo. Linalotafutwa ni kwamba vitu vitatu, yaani postikadi, stempu na muhuri, viafikiane kwa kadiri ya juu kabisa inayowezekana. Postikadi ya kwanza ya serikali ilitolewa katika nchi ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Baada ya postikadi za picha kuenea, wasafiri wakaanza mchezo wa kubandika stempu upande wa picha badala ya upande wa anwani, ili mwenye kupokea avione vyote viwili kwa pamoja. Ilipofika miaka ya 1930, wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wameugeuza mchezo huo kuwa fani yenye sheria zake.

Sheria hizo mimi huziita adabu tatu. Ya kwanza ni mwafaka wa sura. Kilichomo katika stempu ndicho kiwemo katika postikadi. Stempu ikiwa na uso wa mshairi, postikadi nayo iwe na uso wake. Stempu ikiwa na nyumba yake, postikadi iwe na nyumba ile ile. Wala haifai postikadi iwe ni stempu yenyewe iliyokuzwa tu, kwani hapo hakuna mashahidi wawili bali ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Ya pili ni mwafaka wa mahali. Muhuri wa posta una jina la mji. Mji huo sharti uwe na uhusiano na mtu anayeheshimiwa: ndiko alikozaliwa, au ndiko alikoishi na kufanya kazi, au ndiko alikofia na kuzikwa. Stempu ya mshairi ikipigwa muhuri katika mji ambao mshairi hana habari nao, kadi huwa imepungukiwa, hata ikiwa nzuri namna gani machoni.

Ya tatu ni mwafaka wa wakati. Muhuri una tarehe, na tarehe hiyo sharti iwe ndani ya muda ambao stempu ilikuwa bado inatumika, tena karibu iwezekanavyo na siku ilipotolewa. Bora ya yote ni siku yenyewe ya kutolewa.

Ziko na adabu ndogo ndogo. Stempu iwe moja tu. Picha ichukue angalau robo tatu ya postikadi. Stempu za kudai upungufu wa nauli ya barua hazikubaliwi. Lakini hizo tatu ndizo nguzo, na atakayezishika ameishika fani nzima.

"MZEE, UMEIBANDIKA UPANDE SIO"

Usidhani kwamba ni kazi rahisi. Nakumbuka nilikwenda katika posta moja ya mji wetu huu wa pwani, nikampa postikadi binti aliyekaa dirishani. Akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena.

"Shikamoo mzee. Samahani, stempu umeibandika upande sio."

"Marahaba mwanangu. Nimekusudia. Nataka uipige muhuri hapo hapo, taratibu, usifute uso wa mtu."

"Lakini huku ni kwenye picha, mzee. Haitakwenda."

"Haiendi popote. Ukishaipiga, nirudishie mwenyewe."

Alinitazama kama atazamavyo mtu mgonjwa aliyekataa dawa. Watu wawili nyuma yangu wakaanza kunong'onezana. Nikamweleza kwa upole kwamba kweli kanuni za posta zinataka stempu ikae upande wa anwani, na kwa hiyo kadi kama hii hupigwa muhuri kwa hisani ya karani, kisha mwenyewe akaondoka nayo au akaitia ndani ya bahasha ndipo ikasafiri. Akacheka, akachukua muhuri, akaupiga kwa nguvu zake zote kama apigaye kifurushi cha nguo. Wino ukatapakaa, tarehe ikawa doa. Hakuwa na kosa, maskini. Hiyo ndiyo namna aliyofunzwa. Lakini stempu ile ilikuwa ya pekee niliyokuwa nayo, na siku ile ilikuwa siku ya kutolewa kwake. Siku haina duka la kwenda kununua nyingine.

Ndiyo maana nasema kwamba anayekusanya kadi hizi hakusanyi karatasi. Anakusanya ushahidi: kwamba siku fulani, katika mji fulani, mtu fulani alikumbukwa.

WAANDISHI NA MIJI YAO

Nimechagua waandishi kwa sababu mwandishi ana mji, na mji wake una haki juu yake. Hebu tufungue albamu.

Kadi ya kwanza ni ya Shakespeare. Kwa miaka zaidi ya mia moja posta ya Uingereza ilishika desturi kwamba uso wa mtu katika stempu ni wa mfalme au malkia wao. Tarehe 23 Aprili 1964, ulipotimia mwaka wa 400 tangu kuzaliwa kwa Shakespeare, desturi hiyo ikavunjwa. Mtu wa kwanza asiyekuwa wa ukoo wa kifalme kupewa nafasi hiyo hakuwa jemadari wala waziri, alikuwa mtunzi wa tamthilia. Muhuri unaofaa ni wa Stratford-upon-Avon, kwani huko ndiko alikozaliwa na ndiko alikozikwa. Hapa adabu ya mahali ni nyepesi. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna fungu letu kwake, maana Mwalimu Nyerere alikwisha kumfasiria tamthilia ya Julius Caezar mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya stempu hizo.

Geuza ukurasa, umkute Goethe wa Ujerumani, ambaye mwaka 1819 alitoa diwani aliyoitunga baada ya kusoma mashairi ya Hafidh wa Shiraz na kuyapenda. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1749, akafa Weimar mwaka 1832. Mwaka 1949, ilipotimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, nchi yake ilikuwa imegawanywa baada ya vita: Frankfurt upande wa magharibi, Weimar upande wa mashariki. Kila upande ukatoa stempu zake za Goethe. Wanasiasa waligombania nchi, lakini mshairi hakugawanyika. Mkusanyaji mwenye adabu hutafuta kadi mbili, ya alikozaliwa na ya alikofia, akaziweka ukurasa mmoja zitazamane.

Sasa tuje Bara Hindi, ambako watu wa pwani hii wana udugu wa tangu majahazi. Tarehe 1 Oktoba 1952, India ilitoa stempu sita za watakatifu na washairi wake, na miongoni mwao walikuwamo Tagore na Mirza Ghalib. Ghalib alizaliwa Agra mwaka 1797, akafa Delhi mwaka 1869. Mwaka 1969, karne moja tangu kufa kwake, akatolewa tena katika stempu. Muhuri upigwe wapi? Hapa ndipo akili ya mkusanyaji inapojaribiwa. Stempu ya kuadhimisha kifo humpeleka mtu Delhi. Nami kadi ya Ghalib naipenda kwa sababu nyingine pia: mtu huyu alisifika kwa barua zake kama alivyosifika kwa ghazali zake. Aliwaandikia rafiki zake kana kwamba wameketi naye barazani. Yafaa sana mtu wa namna hiyo akumbukwe kwa njia ya posta.

Tagore naye alitimiza karne tangu kuzaliwa mwezi wa Mei 1961, na si India peke yake iliyomkumbuka. Hata Urusi ya Kisovieti ilimtolea stempu. Mtu atasema, Tagore na Moscow wapi na wapi? Lakini mwaka 1930 Tagore alizuru Moscow kwa miguu yake. Basi muhuri wa Moscow una hoja, ingawa si nzito kama ya Calcutta alikozaliwa.

Iqbal ni somo peke yake. Alizaliwa Sialkot mwaka 1877, akafa Lahore mwaka 1938, na kaburi lake liko kati ya Msikiti wa Badshahi na ngome ya Lahore. Mwaka 1977 Pakistan iliadhimisha karne ya kuzaliwa kwake, na kwa maadhimisho ya namna hiyo mkono wa mkusanyaji huelekea Sialkot. Lakini nyuma yake, mwaka 1958, ilipotimia miaka 20 tangu kufa kwake, Pakistan ilitoa stempu ambazo hazikuwa na uso wake hata kidogo. Zilikuwa na maneno ya shairi lake. Naomba msomaji aiweke habari hii kando, maana tutairudia.

Na mwisho kuna wageni wawili waliotufahamu sisi wenyewe. Mmoja ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wa Mombasa ni watu wa dini na kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Kwa kweli hakuandika kwa mkono wake. Alisimulia, na mwanachuoni Ibn Juzayy akaandika, kitabu kikakamilika mwaka 1355. Moroko imemtia katika stempu, na muhuri wake ni wa Tangier. Wa pili ni Camões wa Ureno, aliyetunga utenzi mrefu wa kusifu safari ya Vasco da Gama, uliochapwa mwaka 1572, na ndani yake Mombasa inasemwa vibaya na Malindi inasifiwa. Mwaka 1924 Ureno ilimtolea mfuatano wa stempu 31 kwa mpigo mmoja, na siku ya kufa kwake, 10 Juni, ndiyo sikukuu ya taifa lao.

Kadi ya Camões kila niitazamapo hunichoma. Hapa pana mtu wa mbali aliyeisimulia Mombasa kwa jicho la maadui zake, na watu wake wanaijua siku aliyokufa, mwezi na mwaka. Je, mshairi wa Mombasa aliyeisimulia Mombasa kwa jicho la Wamvita, sisi tunaijua siku yake?

BARUA KUTOKA LAMU

Kabla sijalijibu swali hilo, sharti nikiri kosa langu mwenyewe.

Nilianza kukusanya stempu nikiwa mtoto wa chuo, katika miaka ya 1950. Wakati huo hatukujua habari ya muhuri. Sisi tulijua stempu tu. Tulikata pembe ya bahasha kwa mkasi, tukaiweka katika bakuli la maji mpaka gundi ilegee, tukaibandua stempu na kuianika juani. Muhuri kwetu ulikuwa uchafu. Stempu isiyokuwa na muhuri ndiyo tuliyoiona nzuri.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Lamu. Alikuwa akitunga. Hakuwa na kitabu, wala hakuna aliyemwita malenga, lakini harusi ya watu wake haikupita bila maneno yake, na msichana aliyekuwa akiolewa alipewa usia wake wa beti kadhaa. Yeye alisema, na mjomba akamwandikia kwa herufi za Kiarabu. Siku moja barua ilifika Mombasa, ndani yake mna beti alizomtungia mama yangu. Mama aliisoma akilia na kucheka. Ilikuwa ndiyo ya mwisho, ingawa hatukujua.

Bahasha ilikuwa na stempu yenye kichwa cha Malkia wa Uingereza na picha ya simba. Nami simba sikuwa naye. Mama alipoingia jikoni nikachukua mkasi nikaikata pembe ile, na baada ya wiki mbili nikambadilisha simba wangu kwa stempu ya Misri yenye piramidi, kwa mwanafunzi mwenzangu.

Miaka ilipita. Nyanya alikwisha kufariki, mjomba naye akamfuata. Ndugu zangu wakataka kuandika habari za ukoo wetu, wakauliza: beti zile alizitunga lini, na alifariki mwaka gani? Mmoja alisema ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Mwingine akasema hapana, ilikuwa baada ya Ramadhani ya mwaka uliofuata. Barua yenyewe haikuwa na tarehe, kwani mjomba alimaliza kwa salamu tu. Mama akasema bahasha ipo, alikuwa ameihifadhi katika kasha lake la nguo. Ikatolewa. Pembeni palikuwa na tundu la mraba, na kando ya tundu umebaki ukingo wa duara la muhuri wenye herufi mbili za mwisho za jina la Lamu. Tarehe ilikuwa imekwenda pamoja na simba.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, tarehe umeipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo sikati bahasha ya mtu. Na nilipokuja kuzijua kadi za maksimamu, ambazo ndani yake muhuri una cheo sawa na stempu na picha, nilizifahamu mara moja, kwa kuwa nilikwisha kulipa ada ya somo hilo.

NILIPOMTAFUTA MUYAKA

Turudi kwenye swali. Katika albamu zangu tatu, wa kwetu hawamo. Basi nikasema, nifanye kama mkufunzi afanyavyo na mwanafunzi: hebu nizijaribu adabu tatu kwa Muyaka bin Haji, kana kwamba kesho posta itatoa stempu yake.

Sura: hatuna. Aliishi kabla ya kamera kufika kwetu. Mahali: Mombasa, hilo halina shaka, lakini nilipouliza katika Mji wa Kale nyumba yake ilikuwa wapi, mzee mmoja alinionyesha huku, mwingine akanionyesha kule. Wakati: vitabu husema alizaliwa yapata mwaka 1776 na kufa yapata mwaka 1840. Yapata! Muhuri wa posta haujui neno "yapata".

Na hata haya tuliyo nayo, tusingekuwa nayo kama si watu wawili walioketi kuandika. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa na mashairi ya Muyaka kifuani, akayakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza, William Taylor. Karatasi hizo zikasafiri hadi Uingereza, na diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa Hichens, yapata karne nzima baada ya kifo cha mshairi. Mombasa ilimzaa, Johannesburg ikamchapa. Mkusanyaji aangaliaye miji ya muhuri hawezi kulisoma jambo hili bila kukuna kichwa.

Nikamjaribu Mwana Kupona. Utendi wake wa mwaka 1858, aliomtungia bintiye Mwana Hashima, unasomwa mpaka leo. Mwaka tunao, na hiyo ni neema. Mahali tunapo, tena patatu: Pate, Siyu na Lamu. Sura hatuna, wala hatuitafuti.

Nikaja kwa walio karibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ana picha, ana mahali, ana miaka. Profesa Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafa Marekani mwezi wa Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Fort Jesus. Hapo mkusanyaji hatasita: muhuri ni wa Mombasa mara mbili. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, alipopata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikuwa ameishi Uingereza zaidi ya nusu ya umri wake. Atakayemtengenezea kadi atakuwa na mjadala mtamu.

Waona basi, ndugu msomaji, kadiri tunavyosogea karibu ndivyo daftari linavyojaa. Lakini lilijaa kwa hawa kwa sababu walikuwa maarufu. Je, malenga wa mtaani kwako? Na bibi anayetunga usia wa maharusi?

WASEMAO HAPANA

Najua maneno matatu yatakayosemwa.

La kwanza litatoka kwa wazee wetu wasiopenda picha za watu kutundikwa na kutukuzwa. Rai yao naiheshimu. Ndipo niliposema tuiweke kando ile habari ya Iqbal. Pakistan ilipotaka kumkumbuka mshairi wake mwaka 1958 haikuhitaji uso. Iliweka maneno yake. Muyaka na Mwana Kupona hawana uso, lakini wana maneno, na maneno hayo yamo katika hati za kale zenye khati nzuri. Stempu ichukue ubeti, postikadi ichukue ukurasa wa hati, muhuri uwe wa Mombasa au wa Lamu. Mwafaka wa sura umetimia, na hapana aliyechorewa uso asiokuwa nao.

La pili litatoka kwa vijana: nani leo anaandika barua? Simu imemaliza kazi. Ni kweli, barua zimepungua sana, na sikusudii kuwarudisha watu kwenye bahasha kwa lazima. Lakini ujumbe wa simu, ijapokuwa una saa na dakika, hufa pamoja na simu. Ikianguka baharini pale Kivukoni Likoni, imezama na salamu zote za marehemu. Karatasi iliyopigwa muhuri miaka 70 iliyopita ningeisoma leo, lau si mkasi wangu.

La tatu ni la wenye hesabu: haya yana faida gani, na watu wana njaa? Nami nasema, aliyekufa amekwisha kula. Anachodai kwetu ni jina lake liandikwe sawasawa, na kuandika hakupunguzi unga wa mtu.

LA KUFANYA

Kwa wale wenye kuamua stempu za nchi yetu zitoke na picha gani, ombi langu ni moja. Siku mtakapomtoa mshairi wa pwani, msipige muhuri wa siku ya kwanza katika mji mkuu peke yake. Mpelekeni nyumbani kwake. Muhuri wa siku hiyo usomeke Lamu ikiwa ni Mwana Kupona, na Mombasa ikiwa ni Muyaka. Gharama yake ni ndogo, na watu wa mji huo wataijua thamani yake.

Kwa sisi wengine, kazi ianze leo, bila kungoja serikali. Nyumbani kwako mna picha za wazee. Zigeuze nyuma, uandike jina, mji na tarehe kwa kalamu ya risasi. Una kaseti ya malenga aliyeimba harusini kwenu. Andika ni harusi ya nani na mwaka gani. Una barua ya kale. Usiikate pembe, na bahasha yake usiitupe. Na kama yuko mzee anayetunga, mwendee akiwa hai, uketi naye kama Mwalimu Sikujua alivyoketi na mashairi ya Muyaka, uandike anayosema, na chini uweke siku uliyoandika.

Mimi nimenunua postikadi moja yenye picha ya mji wa Lamu unavyoonekana kutoka baharini. Nimeitia katika ukurasa wa mwisho wa albamu ya tatu, na haina stempu. Nyuma yake nimeandika jina la nyanya yangu, na beti mbili za zile alizomtungia mama. Mahali pa tarehe nimepaacha wazi. Kama yuko Lamu mtu anayeikumbuka, au aliyeirithi barua yenye kutaja kifo chake, ningali hai na kalamu ninayo.